Historia ya Maduka na Karakana za Mitaa Yetu ya Mashariki ya Nairobi



Katika taarifa ya mwaka, wanachama wamezoea kusoma hesabu ya fedha, habari za mazishi na misaada, na majina ya walioingia chamani. Mara hii Kamati imetutaka tuongeze kurasa chache juu ya maduka na karakana za mitaa yetu, tangu Pumwani na Kariokor hata Shauri Moyo na Gikomba. Sababu yake kila mtu aijua. Nyumba za zamani za Halmashauri zinavunjwa mtaa baada ya mtaa ili yajengwe maghorofa, na kila mara mwenye duka au kibanda huulizwa swali lile lile: Una karatasi gani? Mzee aliyefanya kazi mahali pamoja miaka arubaini hana la kujibu ila kuonyesha mikono yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiitazama historia yetu, twaona kwamba methali hii imetimia juu yetu zaidi ya mara moja. Kwa hivi twaomba msomaji asizisome habari hizi kama hadithi za jioni, bali kama ushahidi wa jambo tutakalolileta mbele yenu mwishoni.

MWANZO WA MJI

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1899. Kabla ya hapo palikuwa nyika yenye vinamasi na maji baridi, na Wamasai ndio waliopapa jina. Reli ilileta makarani, mafundi, mahamali na askari, na watu hao wote walihitaji kula, kuvaa na kulala. Wahindi walifungua maduka yao katika Bazaar, nao pia hawakukaa kwa raha: mwaka wa 1902, tauni ilipoingia, Bazaar ile iliteketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu. Ni vema kulikumbuka jambo hili, maana laonyesha kwamba tangu mwanzo mji huu ulizoea kutibu maradhi ya biashara ndogo kwa kiberiti na nyundo.

Waafrika nao walijenga vijiji vyao kandokando ya mji: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani na vinginevyo. Humo walikaa Waswahili wa pwani, Wanubi, Wasomali, Wakamba, Wagikuyu, na watu wa makabila mengine waliokuja na misafara au na reli. Biashara ya kwanza ya wazee wetu ilikuwa ya vitu ambavyo Bazaar haikuviuza, au haikuviuza kwa senti chache: kuni na makaa, maziwa, mboga, chakula kilichokwisha kupikwa, kofia zilizofumwa kwa mkono, kanzu zilizoshonwa barazani. Duka lilikuwa mlango wa nyumba, na ghala lilikuwa uvungu wa kitanda.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilishikwa na wanawake. Yafaa tuseme wazi, kwa kuwa katika mikutano yetu husikika sana majina ya wanaume. Wapo akina mama waliopika na kuuza, wakaweka akiba, wakajenga nyumba za kupangisha, na kwa kodi ya vyumba hivyo wakasomesha watoto, wao wenyewe wasijue kusoma.

PUMWANI, KARIOKOR NA SHAURI MOYO

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakuu wa mji walitenga mahali pamoja pa kukaa Waafrika, na mahali hapo pakaitwa Pumwani, au Majengo kwa jina la watu wenyewe. Vijiji vya zamani vikaanza kuvunjwa. Katika Pumwani mtu alipewa kiwanja akajenga nyumba yake ya udongo na miti, akalipa ada ya kiwanja kila mwaka. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi ilibaki ya mji. Wakati ule wengi waliona kwamba hilo ni jambo dogo, kumbe ndilo lililokuwa mzizi wa taabu zote zilizofuata.

Kariokor ina jina lake kutokana na Carrier Corps, yaani wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa njia hiyo hiyo. Maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mahali palipobaki na jina lao pakawa pa nyumba na pa soko. Hata leo, mtu akienda Kariokor kununua kiondo, au viatu vya akala vilivyokatwa katika mpira wa gari, anatembea juu ya kumbukumbu ya watu hao, ajue asijue.

Kijiji cha Pangani ndicho kilichodumu kuliko vyote, hata kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenyeji wake waliwekewa nyumba mpya katika Shauri Moyo. Wazee walisimulia kwamba jina hilo latokana na uchaguzi waliopewa: kuhamia au kutohamia ni shauri la moyo wako. Walakini uchaguzi wa namna hiyo, mtu akiwa ameona paa lake likishushwa, ni uchaguzi wa jina tu. Nyumba za Shauri Moyo zilikuwa mali ya Halmashauri. Yule aliyekuwa mwenye nyumba Pangani, mwenye wapangaji na kibanda cha chai mbele ya mlango, akaingia Shauri Moyo akiwa mpangaji.

Tena palikuwa na habari ya pombe. Halmashauri ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya Kiafrika katika kilabu chake cha Pumwani, na faida yake ikatumiwa kwa kazi za ustawi wa Waafrika. Mama aliyepika pombe nyumbani alishikwa akatozwa faini au akafungwa. Hapa hatusemi kwamba pombe ni njema. Wanachama wanajua msimamo wa wazee wetu. Twasema tu kwamba biashara ile ile iliyoitwa uhalifu katika nyumba ya mama mjane iliitwa mapato katika vitabu vya Halmashauri.

BAADA YA VITA VYA PILI

Vita vya pili vilipokwisha mwaka wa 1945, vijana wetu waliokwenda Burma na kwingineko walirudi na fedha za kiinua mgongo na mawazo mapya. Walikuwa wameendesha magari, wametengeneza mitambo, wameona miji mikubwa. Wengi walitaka kufungua maduka, na jina la soko la Burma limebaki kuwakumbusha watu habari za askari hao. Walioendelea walikuwa wachache kuliko waliojaribu. Fedha ziliishia katika bidhaa za kwanza, na duka likafungwa kabla ya mwaka kwisha.

Wapo waliosema kwamba Mwafrika hajui biashara. Twawaomba waliosema hivyo watazame sheria. Sheria ya mwaka wa 1948 juu ya mikopo kwa Waafrika ilifanya kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 pasipo idhini ya ofisa wa serikali, hakuweza kulidai deni lake mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo yamlinda Mwafrika asitumbukie katika madeni. Lakini mwenye duka gani duniani aliyefanikiwa kwa kununua kila kitu kwa fedha taslimu? Mhindi wa Bazaar alipata bidhaa kwa mali kauli kutoka kwa ndugu yake au kwa mwenye ghala, akauza, kisha akalipa. Mwafrika alinunua mfuko mmoja wa sukari, akaumaliza, akafunga safari tena. Kiwanja nacho hakikuwa chake, hivyo hakuwa na kitu cha kuweka rehani benki.

Pamoja na hayo wako waliopita katika tundu hilo la sindano. Mwaka wa 1948 kampuni ya Waafrika iliyoshughulika na kuni, makaa na magome ya miwati ilinunua jumba katika Grogan Road, ambayo leo ni Kirinyaga Road, nalo likaitwa Kiburi House. Vyama vya wafanyakazi na magazeti ya Kiafrika vilipata makao humo. Wazee waliopita mbele yake siku zile walisema kwamba kuliona tu kulitosha kumnyosha mtu mgongo. Angalieni nini kilicholijenga: makaa na magome, vitu vile vile vilivyouzwa mlangoni Pangani. Tofauti ni kwamba hawa waliungana, wakaandika, wakasajili.

VIWANDA NA MAFUNDI

Wakati huo huo viwanda viliongezeka kusini mwa reli, katika mahali tunapopaita Industrial Area. Bia ilikuwa ikipikwa Ruaraka tangu mwaka wa 1922. Sasa zikaja sigara, sabuni, mafuta ya kupikia, mikebe na vitu vya chuma. Mitaa yetu ndiyo iliyolaza wafanyakazi wa viwanda hivyo. Kabla ya jua kuchomoza walishuka kwa miguu makundi kwa makundi, na jioni wakarudi njia ile ile, na kandokando ya njia hiyo mama wa uji, fundi wa baiskeli na kinyozi walipata riziki yao. Mshahara ulipokuwa mdogo, duka nalo lilikonda. Ndiyo maana wafanyakazi walipogoma mwezi wa Mei 1950, baada ya kushikwa viongozi wao Fred Kubai na Makhan Singh, wenye vibanda wengi waliiona habari hiyo kuwa yao pia.

Viwanda vikubwa vilituachia kitu kingine ambacho wenyewe hawakukusudia, yaani takataka zao. Pipa la mafuta lililokwisha kazi, bati lililokatwa pembe, mkebe mtupu: hivyo ndivyo vilivyokuwa malighafi ya mafundi wetu. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukawa kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni, nao mpaka leo huitwa gorogoro. Mkebe mdogo ukawa koroboi ya kumulika usiku. Pipa likapasuliwa, likanyoshwa kwa nyundo, likawa karai, jiko, au sanduku la bati la mtoto anayekwenda shule ya bweni.

Ufundi huu watu waliupata wapi? Tuseme kweli, sehemu kubwa waliupata kwa Wahindi. Kijana wa Kiafrika aliajiriwa katika karakana ya fundi wa Kihindi kubeba, kufagia na kushika bati lisitikisike. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alitazama kwa jicho la pembeni, akashika nyundo mwalimu alipokwenda kula, na baada ya miaka akatoka akajitegemea chini ya mti. Wengine walinyimwa siri za kazi, wengine walipewa kwa moyo mkunjufu. Kisha huyo naye akachukua mtoto wa ndugu yake, na huyo wa jirani. Shule hiyo haikuwa na mlango wala cheti, lakini haijafungwa mpaka leo.

WAKATI WA HALI YA HATARI

Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil. Mitaa yetu ilifungwa, watu wakatolewa nyumbani wakiwa na walichovaa, na Wagikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road, na wake na watoto kwa maelfu wakarudishwa mashambani.

Wengi wamekwisha kuandika habari za vita na siasa za siku zile. Sisi twaandika habari ya duka. Mtu alifunga mlango asubuhi ile akidhani atarudi adhuhuri. Bidhaa zilibaki rafuni, madeni yakabaki kwa watu, cherehani ikabaki na nguo iliyoshonwa nusu. Waliorudi baada ya miaka walikuta kibanda kina mwenyewe mwingine na leseni yenye jina jingine. Huyo mwingine naye hakuiba. Alipewa na wakuu. Kwa hivyo majirani wawili walitazamana kwa uchungu, kila mmoja akiwa na haki kwa namna yake, na wa kuamua hakuwapo, kwa sababu aliyetangulia hakuwa na hata kipande cha karatasi kuonyesha kwamba aliwahi kuuza hapo. Jambo hili lilitia ufa katika mitaa yetu ambao wazee walichukua miaka mingi kuuziba.

UHURU NA JUA KALI

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, njia zilipanuka. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 iliweka sehemu fulani za miji na bidhaa fulani kwa raia peke yao, na Serikali ikatoa mikopo kwa Waafrika. Maduka mengi ya River Road na barabara za jirani yakabadili wenyewe. Baadhi ya mafundi wa Kihindi walihama nchi, na wale waliowashikia bati wakabaki na nyundo. Walakini mikopo iliwafikia zaidi wenye ardhi na wenye kujulikana. Fundi wa chini ya mti alibaki chini ya mti, na askari wa kanjo wakaendelea kumfukuza.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti juu ya Kenya, ikasema kwamba watu hawa wadogo, ambao wakuu waliwaona kama uchafu wa mji, ndio wanaotoa kazi na bidhaa kwa wengi, na kwamba yafaa wasaidiwe badala ya kusumbuliwa. Ripoti hiyo ilisomwa ulimwengu mzima, na mafundi waliosifiwa ndani yake waliendelea kuvunjiwa vibanda. Baadaye wakapata jina lao la heshima, jua kali. Mwezi wa Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, akaamuru wajengewe mabanda ya kuwakinga jua. Banda ni kitu kidogo, lakini kwa mtu aliyefukuzwa tangu ujana wake, kujengewa paa na Serikali kulikuwa kama kuambiwa: wewe nawe u mtu wa mji huu.

Katika miaka hiyo ya 1980 mafundi hao walionyesha uwezo wao kwa jiko. Jiko la bati la zamani lilipoteza moto mwingi pembeni. Wataalamu, wakitazama mfano wa majiko ya Thailand, walishauriana na mafundi wa bati na wafinyanzi, na baada ya majaribio mengi likatoka jiko lenye kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake. Udongo hushika joto, na makaa hupungua kwa thuluthi au zaidi. Bati lilitengenezwa kwa nyundo katika mabanda yetu, wala hakuna kiwanda kikubwa kilichohitajika. Leo jiko hilo limeenea katika nchi nyingi za Afrika.

Gikomba nayo ina habari yake. Masharti ya kuingiza nguo za mitumba yalipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara hiyo ilikua kama mto wakati wa masika. Viwanda vya nguo vya nchi vilidhoofika na vingine vikafungwa, na wafanyakazi wake wakaumia, hilo hatulifichi. Papo hapo maelfu walipata kazi Gikomba ya kuuza, kubeba, kupiga pasi, na kupunguza suruali kwa cherehani. Lakini moto umelitembelea soko hilo mara nyingi mno. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 ulichukua roho za watu 15, pamoja na mali isiyohesabika. Twasema isiyohesabika kwa maana yake halisi: hapakuwa na daftari la kuihesabia.

LITUPASALO KUFANYA

Ndugu wanachama, mmeona mambo yanavyofuatana. Bazaar, Pangani, msako wa 1954, vibanda vilivyovunjwa, moto wa Gikomba: sababu zilikuwa mbalimbali, lakini kila mara aliyeumia zaidi ni yule asiyeandikwa popote. Ardhi hatuwezi kuigawa sisi, wala sheria hatuitungi. Kuandika twaweza.

Kwa hivi twaleta mbele ya mkutano shauri hili. Kila mtaa uchague watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wapite duka kwa duka na karakana kwa karakana. Waandike jina la mwenye kazi, kazi yake, mwaka alioanza, nani alikuwapo kabla yake, nani alimfundisha, na karatasi alizo nazo, hata ikiwa ni stakabadhi moja ya ada ya Halmashauri. Majirani wawili watie sahihi kuwa mashahidi. Wanawake waandikwe kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume. Pawe na daftari mbili zilizo sawa, nazo zisiwekwe mtaa mmoja, maana moto tumekwisha kuujua.

Hatuahidi kwamba daftari litazuia tingatinga. Lakini siku swali lile litakapoulizwa, Una karatasi gani, hatutaki mzee wetu ainue mikono mitupu. Na hata kama banda litaondoka, mjukuu wa yule mama wa Pangani atasoma jina la bibi yake, na kazi aliyoifanya, na mtoto aliyemsomesha kwa kazi hiyo.

Wazee wanaokumbuka ni wachache, na kila mwaka taarifa hii huandika majina ya waliotutoka. Tuanze sasa, wangali wapo wa kuulizwa.